Vipele vyeupe vidogo usoni: kabla hujaminya wala kununua krimu, pita hapa

Kipima Ngozi (mtoa mada)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kupandisha picha ya shavu lake na kuuliza "hivi vipele vyeupe vinatibiwa na nini?" Majibu yanamiminika hapohapo: limau, dawa ya meno, majivu, mafuta ya mnyonyo, krimu fulani isiyo na hata lebo. Hakuna anayeuliza kipele chenyewe kikoje. Mimi ni tabibu wa ngozi, nilipita Moshi pale RDTC, chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na kazi yangu ya kila siku ndiyo hiyo: kukitazama kipele kwanza, dawa baadaye. Na mara nyingi hiyo dawa haihitajiki kabisa.

Nianze na vile vinavyoulizwa zaidi. Ni vidogo, milimita moja au mbili, vyeupe au vya rangi ya maziwa, vigumu ukivigusa. Haviumi, haviwashi, havina wekundu pembeni. Vinapenda chini ya macho, kwenye kope na sehemu ya juu ya mashavu, pengine puani. Kimoja kinaweza kukaa miezi bila kukua wala kupungua. Sisi huviita milia (msilete punda hapa). Ndani hamna usaha wala mafuta. Kuna keratini, ile protini ya kucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Kwa kawaida ngozi inajivua seli zilizokufa kidogo kidogo bila wewe kuona. Zikinaswa chini, zinatengeneza kifuko kilichojaa keratini, kigumu kama punje ya ulezi, na kifuko hicho hakina tundu la kutokea nje. Ndiyo maana ukiminya mpaka machozi yakutoke hupati kitu. Utapata uvimbe, kidonda, na kwa ngozi zetu nyeusi utapata doa litakalodumu kuliko kipele chenyewe.

Chunusi yenye kichwa cheupe ni habari nyingine: ile ina mafuta, iko kwenye kitundu cha nywele, ikivimba inauma, na inakuja na kuondoka.

Sababu? Kwa mtu mzima mara nyingi vinatokea tu. Vingine hufuata ngozi iliyojeruhiwa: kuungua, malengelenge, leza, kukwanguliwa uso kwa kemikali. Vingine hufuata krimu za steroidi zilizopakwa muda mrefu, na hizo nitazirudia kwa sababu ndizo zinazonijazia benchi la kliniki. Mafuta ya mgando yaliyopakwa kwa wingi chini ya macho kila usiku nayo huchangia kwa baadhi ya watu.

Haviambukizi. Si uchafu, si damu chafu, wala si dalili kwamba umechelewa kuoa.

Ulizeni, nipo.

Bint Chumbageni

Mkuu ubarikiwe. Mimi ninavyo chini ya jicho la kushoto tangu mwaka jana. Dada wa saluni alinichokonoa kimoja kwa sindano ya kushonea nywele, kikatoka kichembe kigumu cheupe, pakapona vizuri tu. Sasa kama yeye kaweza, kwa nini nisijitoe mwenyewe hivi vilivyobaki?

Kipima Ngozi

Dada, kutoboa ndiyo tiba yenyewe, wala simkatalii huyo dada wa saluni. Ugomvi wangu ni ile sindano. Imepita kwenye vichwa vya wateja wangapi kabla yako? Homa ya ini na VVU havihitaji damu ya kuonekana kwa macho.

Kliniki tunafanya hivi. Ngozi inafutwa kwa spiriti. Inafunguliwa sindano mpya iliyokuwa kwenye pakiti yake, inalazwa karibu sambamba na ngozi, na ncha inachana kidogo tu ile paa ya kifuko. Halafu tunabonyeza pembeni taratibu kwa kifaa chenye kitanzi mwishoni. Punje inachomoka nzima, ya mviringo. Damu ni tone, au hakuna. Hakuna ganzi wala mshono, mtu anainuka anaenda zake kazini. Kwa jinsi ngozi ya chini ya jicho ilivyo nyembamba, na kwa jinsi watu wanavyopepesa macho wakiona sindano, hili si jambo la kufanya peke yako mbele ya kioo. Kwenye kope ndiyo kabisa, usithubutu.

Kama ni vingi, zipo krimu za jamii ya retinoidi: adapaleni ya asilimia 0.1 au tretinoini ya asilimia 0.025. Zinaharakisha ngozi kujivua. Unapaka kidogo mno usiku, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, mbali na ukingo wa jicho, na mchana unapaka kinga ya jua. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza, hesabu miezi miwili mpaka mitatu. Wiki za mwanzo ngozi inakauka na kubanduka, watu wengi wanaacha hapo wakidhani dawa imewakataa. Mjamzito asiguse dawa hizi, na anayetafuta mimba aseme mapema.

Bodaboda Msomi

Naweka kambi hapa. Mwezi uliopita nilijiunguza shavu la mguu kwenye bomba la moshi la pikipiki. Kidonda kimefunga safi, ila juu ya kovu vimeota vidoti vyeupe vimejipanga. Mama anasema ni usaha umebaki ndani, nikakamuliwe.

Kipima Ngozi

Mpe mama pole yake, lakini usikamuliwe. Ngozi mpya ikiota juu ya jeraha huwa inanasa seli na mirija iliyovunjika ya jasho na nywele, basi inatengeneza vifuko vilevile nilivyovieleza juu. Vingi vinaisha vyenyewe baada ya miezi. Ukiona joto, maumivu, harufu au majimaji, hapo mama atakuwa na hoja, nenda ukaonwe.

Mama Mapacha

Tabibu, naomba unijibu mimi haraka. Nina mapacha wa wiki tatu. Wote wana vidoti vyeupe puani na kidevuni tangu kuzaliwa, hivyo sina wasiwasi navyo sana. Lakini jana bibi yao alipomfungua mmoja mdomo kaona vipele vyeupe kwenye fizi na kimoja juu kwenye kaakaa. Kaniambia ni meno ya plastiki, na kuna mzee mtaa wa pili anayatoa. Mtoto analia sana jioni. Bibi ameshampigia simu huyo mzee.

Kipima Ngozi

Mama, huyo mzee asimguse mtoto. Naandika hivi kwa msisitizo na wengine wasome.

Vya puani: karibu nusu ya watoto wanaozaliwa wanavyo. Vinaisha vyenyewe ndani ya wiki chache, mara chache hufika miezi. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, usipake mafuta mazito juu yake. Basi.

Vya mdomoni ni ndugu wa hivyo vya puani. Kwenye kaakaa, pale katikati, zaidi ya nusu ya watoto wachanga wanavyo. Kwenye fizi pia vipo. Ni keratini ileile iliyonaswa wakati mdomo wa mtoto unajiunda tumboni. Mtoto havimuumi, haviharibu kunyonya, na vinapasuka vyenyewe bila wewe kujua.

Sasa meno ya plastiki, au wengine meno ya nailoni. Uvumi huu ulishika kasi kwetu miaka ya 1980 na mpaka leo haujafa. Mtoto akiwa na homa, kuharisha au kutapika, anafunguliwa mdomo. Pale chonge zitakapokuja kuota fizi imeinuka kidogo na rangi yake imepauka, basi mtu anasema "hili hapa". Kinachochimbuliwa ni jino la kweli la utoto ambalo bado halijakomaa, laini na jeupe, ndiyo maana watu wanaona kama plastiki. Linachimbuliwa kwa kisu, kwa msumari, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Bila ganzi. Watoto wanaletwa hospitali wameishiwa damu, wengine na pepopunda, wengine na uambukizo uliosambaa mwilini, na wapo wasiorudi nyumbani. Aliyepona, mara nyingi jino la ukubwani linakuja kuota limepinda, lina kasoro, au halioti kabisa, kwa sababu mbegu yake ilikaa jirani na lile lililochimbuliwa.

Kulia jioni kwa mtoto wa wiki tatu ni jambo la kawaida sana. Mpime joto. Mtoto chini ya miezi miwili akifika nyuzi 37.5 na zaidi, akikataa ziwa, akilegea au akiharisha, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kama hana hayo, mpeleke kliniki ya mtoto kesho wamtazame mdomo, na nenda na bibi. Bibi akisikia kwa muuguzi mwenye umri wake atatulia kuliko akisikia kwako.

Nahodha Mstaafu

Mtoa mada, nakuheshimu, ila usipuuze mambo ya wazee. Mwanangu wa pili aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Hospitali tulizunguka. Akatolewa hayo meno, siku ya tatu akacheka. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake.

Kipima Ngozi

Shikamoo nahodha. Nashukuru mwanao alipona, na sikatai ulichokiona. Ila mara nyingi kuharisha kwa watoto hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, na mtoto hupelekwa kwa mchimbaji pale mzazi anapokuwa amechoka kabisa, yaani mwishoni mwa ugonjwa. Ndiyo maana mchimbaji anapata sifa. Wale ambao siku ya tatu hawakucheka, wazazi wao hawaji jukwaani kusimulia. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa maji, na dawa yake ni ORS, zinki na ziwa la mama.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Hapo kwa waliokufa umenipa la kufikiri. Endelea na watu wengine.

Kioo Hakidanganyi

Naomba nisitajwe jina hata kama mnanifahamu. Nimetumia mkorogo muda mrefu, nakorogewa na dada mmoja sokoni. Mwanzo uso uling'aa kweli. Sasa mashavuni vimejaa vipele vidogo vyeupe na vingine vyeusi vya kukwaruza, na nikiacha siku mbili tu uso unawaka moto. Nikipaka unatulia.

Kipima Ngozi

Dada yangu, hakuna atakayekucheka hapa, na atakayecheka mods watamshughulikia.

Angalia vidole vyako. Kama uso ni mweupe na viungo vya vidole vimebaki vyeusi, masikio pia, na ukisimama juani mishipa midogo inaonekana mashavuni, basi mkorogo wako kwa sehemu kubwa ni steroidi kali kama klobetasoli, na pengine haidrokwinoni au zebaki vimo humo. Steroidi inapunguza unene wa ngozi na kuleta vipele vidogo vinavyofanana vyote, milia vikiwemo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huleta madoa ya kijivu yanayoelekea bluu, yenye punje nyeusi za kukwaruza kama ulivyoeleza, na hayo ndiyo magumu kuliko yote kuyaondoa. Zebaki inaingia mwilini, inaumiza figo. Kuanzia 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na viambato hivyo vimepigwa marufuku, lakini kopo linalokorogwa mezani sokoni halina lebo, kwa hiyo hakuna mtu anayejua umepaka nini, akiwemo huyo anayekukorogea.

Huko kuwaka ukiacha si ushahidi kwamba ngozi yako inauhitaji mkorogo. Ngozi imeshazoea steroidi, ikikosa inavimba. Usikate ghafla peke yako, hasa kama unapaka mwili mzima, maana tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinaweza kuwa zimelala. Nenda kliniki ya ngozi na kopo lenyewe mkononi, usilifiche. Utashushwa taratibu, utapewa kitu cha kulainisha ngozi na kinga ya jua. Vile vyeupe tutavitoboa baadaye ngozi ikishapata nguvu, kwa sababu kwa sasa imekonda, ukiigusa inachanika.

Na limau lisiguse uso huo. Limau na jua pamoja vinaunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Kijana wa Mbagala

Tabibu, inbox yako imefungwa kwa hiyo naulizia hapahapa, nisameheni. Vyangu viko kule chini. Vidogo vidogo, vimejipanga kama mstari kuzunguka kichwa. Duka la dawa wameshanichoma sindano za kisonono na vipo palepale. Mtandaoni nimeona watu wanapaka dawa ya meno.

Kipima Ngozi

Usijiombee msamaha, nusu ya vijana wanaokuja kliniki wamekuja kwa hilo na wanaanza kwa kusema wanaumwa mgongo.

Vikiwa vimejipanga mstari mmoja au miwili kuzunguka ukingo wa kichwa, vinalingana, haviumi na havijabadilika kwa miezi, hilo ni umbile la kawaida. Havitokani na zinaa, haviambukizi, na kadiri umri unavyokwenda hupungua. Vile vya rangi ya njanonjano kwenye shina au kwenye midomo ya uso ni tezi za mafuta, navyo si ugonjwa. Dawa ya meno itakuunguza, usipake. Ila kama vina kitobo katikati, au vinaongezeka, au vimefanana na koliflawa, njoo tutazame, maana hapo tunazungumzia kitu kingine. Na hizo sindano ulizochomwa bila kipimo hazikukusaidia chochote.

Mwalimu wa Chekechea

Umetaja kitobo katikati. Darasani kwangu watoto kama wanne hivi wana vipele vyeupe vinavyong'aa, mikononi na shingoni, kila kimoja kina kashimo. Wazazi wanalaumiana.

Kipima Ngozi

Mwalimu, umekieleza kama kitabuni. Hicho ni moluskamu, kinaletwa na kirusi. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya na milia: hiki kinaambukiza kwa kugusana, taulo moja, maji ya kuogea yaleyale. Ukikiminya kinatoa kitu cheupe kizito, na hicho ndicho kilichojaa virusi, kwa hiyo mtoto akikikuna anajipandia vingine pembeni. Kwa mtoto mwenye afya kinaisha chenyewe, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka, wengine zaidi. Asiachishwe shule. Vifunikwe kwa nguo, kila mtoto awe na taulo lake, kucha zikatwe. Vikiwa vingi au karibu na jicho, kliniki tunavikwangua au tunapaka dawa ya kuvichoma.

Kwa mtu mzima hesabu inabadilika. Vikitokea sehemu za siri, vimetokana na kujamiiana, mwenza naye atazamwe. Vikijaa usoni kwa mtu mzima, vingi na vikubwa, huwa namwomba apime VVU siku hiyohiyo. Anayekutwa na VVU akianza dawa za CTC (kliniki ya VVU), kinga inapanda na vipele vyenyewe vinaondoka. Na kama ana vipele vya namna hiyo pamoja na homa na kichwa kinachouma siku nyingi, asingoje siku ya kliniki, aende hospitali, kuna fangasi wa kwenye ubongo anayejitokeza kwenye ngozi kwa sura hiihii.

Mama Mapacha

Tumetoka kliniki na bibi yao. Muuguzi kamwonyesha kwa tochi, akamwambia hata wajukuu wake walikuwa navyo. Mtoto hana homa, uzito umepanda. Bibi kanuna njia nzima lakini mzee kaambiwa asije.

Mstaafu Mtarajiwa

Kwa hisani yako, mimi nina miaka 52, pembeni ya pua kwenye kona za macho nina kama ubandiko wa njano, laini, si kipele hasa. Mke wangu ana vingine, vya rangi ya ngozi, vingi, chini ya macho yote mawili, anavyo tangu usichana na dada zake wanavyo. Adapaleni kapaka miezi, hakuna kitu. Kuna zahanati wamemwambia wanagandisha kwa barafu ya nitrojeni.

Kipima Ngozi

Shikamoo mzee. Chako ni mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi ya kope. Kapime lehemu kwenye damu, na ukiwa huko pima sukari na presha pia. Karibu nusu ya wenye alama hiyo lehemu yao inakutwa sawa, lakini nusu nyingine wanakuwa wamepata taarifa mapema ya moyo wao. Kuziondoa ni kwa ajili ya sura tu, na zinaweza kurudi.

Vya mama, kwa maelezo hayo ya ukoo na chini ya macho yote mawili, vinaelekea kuwa siringoma, yaani vimetoka kwenye mirija ya jasho. Krimu haitavifikia, viko chini zaidi. Vinaondolewa kwa kuunguzwa kidogo kidogo kwa sindano ya umeme au kwa leza, na vinapenda kurudi. Hiyo nitrojeni mwambie aikatae, angalau usoni: seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hazivumilii baridi, zikifa anabaki na mabaka meupe chini ya macho, yanayoonekana kuliko hivyo vipele. Akiamua kuviondoa, aombe wamfanyie vichache tu kwanza, upande mmoja, karibu na nywele, wasubiri miezi mitatu waone ngozi yake inaachaje kovu, ndipo waendelee.